Cherehani Iliyo Ukumbini

Fungueni dirisha. Hapana, acheni, vumbi litaingia. Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na maji weka kando, binti yangu, nimechoka kunyweshwa kama mche.

Nyumba hii ni yenu wawili, na mama yenu aishi humu mpaka achoke mwenyewe; msije mkagombania mabati. Linaloninyima usingizi ni ofisi yetu ya mikopo, chumba kile chenye mabenchi na meza iliyolegea mguu, kilichowasomesha, na ambacho sasa kinazama huku mnakitazama.

Mwanangu mkubwa, usiinamishe kichwa, sikugombezi, au labda nakugombeza. Mimi sikumkopesha mtu kabla sijakaa kwenye biashara yake asubuhi nzima, juu ya ndoo kama hana kiti, nikitazama nani ananunua, nani anauliza bei na kuondoka, na mwenyewe anachota kiasi gani kwenye mauzo kuwalisha watoto. Mkanicheka, eti mzee kaenda kupiga soga. Ukaajiri vijana unaowalipa kwa wingi wa mikopo wanayotoa, nao wakakopesha mbio mbio, na aliyeshindwa kulipa wakampa mkopo mwingine wa kuzibia ule wa kwanza, ukaniletea hesabu zinazong'aa.

Kisha muuza mitumba akatoroka, nanyi mkamwendea fundi aliyemdhamini, mama wa watu ambaye hajawahi kuchelewesha marejesho yake, mkabeba cherehani yake. Ipo hapo ukumbini, nyuma ya pazia; niliwasikia mkiigongesha ukutani, na tangu hapo kila nikifumba macho naisikia. Halafu mnashangaa vikundi vya wakopaji haviji tena kwenye mkutano wa marejesho. Waje kufanya nini, ikiwa mlipaji mwema ndiye anayenyang'anywa? Na yeye atalipa kwa kushona nini?

Jana alikuja kuniangalia. Akapita kando ya cherehani yake, akakaa hapo ulipokaa, akaniuliza kama nimekula. Hakuitaja. Niliona aibu, wanangu, aibu ambayo sitaki kwenda nayo.

Niinueni kidogo. Hivyo. Binti yangu, funguo za ofisi shika wewe. Kaka yako ataanza upya kwa kukaa madukani, juu ya ndoo, mpaka wakopaji wamzoee, ndipo muongoze pamoja. Usinune, mwanangu, kichwa unacho, ulichokosa ni kukaa. Deni la yule mtoro likatwe kwenye fungu langu, uzeni kile kiwanja cha bondeni, asidaiwe mdhamini yeyote. Na cherehani irudi.

"Kesho, baba," unaniambia. Kesho ni yako wewe, mimi sina. Ibebeni sasa hivi, nyinyi wawili, msitume kibarua, na mkifika msiseme baba katutuma. Ombeni radhi kwa midomo yenu.

Nendeni. Nawaachia radhi yangu yote. Mungu awape riziki isiyomliza mtu, awape… awape kupendana. Polepole hapo kizingitini, mguu wake mmoja mbovu. Inueni. Bado naisikia. Bado.

Mama watoto, wametoka? Basi fungua dirisha, vumbi na liingie. Siisikii tena.