Mita Mia Nne za Mzee Kiporo

Ndugu, majirani, viongozi wa dini na wote mliovuka ziwa asubuhi hii mvua ikiwanyeshea, familia inawaomba mliopata viti mkae, na mliokosa msogee chini ya turubai, isomwe historia ya Yakobo Nkwabi Masalu, kama ilivyonakiliwa kutoka kwenye vyeti vyake na kwenye madaftari yake kumi na moja, ambamo kila siku aliandika tarehe kwanza, mvua pili, na habari za watu mwisho.

Yakobo alizaliwa tarehe 3 Februari 1958 hapa hapa Mwalubungo, nyuma ya Kamanga, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Nkwabi Masalu, kwenye nyumba iliyokuwa pale penye mihogo, ikitenganishwa na barabara kubwa na mita mia nne za udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi hupasuka hadi mbuzi akavunjika mguu, na masika huvimba na kushika kiatu kama mtu aliyekuwa akikungoja. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1976, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1978 hadi 1980, ambako mwalimu wake wa udongo aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ni msikivu, ila ana mazoea ya kubishana na vipimo.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa Mwanza mjini katika ofisi ya barabara, akiwa fundi sanifu wa maabara ya udongo, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane bila kuchelewa hata siku moja, isipokuwa tarehe 22 Septemba 1984, siku ya ndoa yake na Bernadeta, alipochelewa kufika kanisani kwa saa moja kwa sababu sampuli ilikuwa bado haijakauka. Kwa ndoa hiyo alitoa ng'ombe kumi na wawili, waliopokelewa na kaka yake Bernadeta, Mzee Ndalahwa, ambaye yuko nasi hapa na anajulikana na wote, na familia inaomba ng'ombe hao wakumbukwe, kwa kuwa watarudi katika historia hii. Mungu aliwajalia watoto watatu, Odeta, Jonathan na Mhoja, waliokulia Pasiansi katika nyumba ambayo chekeche za jikoni hazikukaa jikoni, na ambayo siku moja mama yao alifungua tanuri la keki akakuta bati limejaa udongo mweusi umeiva vizuri, akamwita mumewe na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Baba Odeta, leo tunakula mbuga?"

Jambo kubwa la maisha yake lilianza tarehe 17 Januari 1998, kwenye mvua zile ambazo kila mtu anazikumbuka, siku ya kumzika baba yake, pale gari lililobeba jeneza lilipozama kwenye mita mia nne hizo, likasukumwa na wanaume ishirini, likazama zaidi, mpaka Ndalahwa akaleta ng'ombe wake wanne na mkokoteni, jeneza likahamishwa, na Mzee Nkwabi Masalu akafika nyumbani kwake saa tatu baadaye, kwa mwendo wa ng'ombe. Ndalahwa, kwa haki ya utani ambayo shemeji hanyimwi, alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Fundi wa barabara za serikali, baba yako kaletwa na ng'ombe! Usijali, shemeji, na siku yako nitakuvuta mwenyewe." Watu walicheka msibani, Yakobo hakucheka. Usiku huo aliandika tarehe, akaandika mvua, kisha akaandika maneno ya shemeji yake yote bila kupunguza, na chini yake akaongeza kwamba ng'ombe waliomvuta baba yake ni wajukuu wa wale kumi na wawili aliowatoa yeye mwenyewe, kwa hiyo amechekwa na mali yake.

Tangu hapo alikuwa na haja moja, kwamba siku yake afike nyumbani kwa magurudumu. Mwaka 2011 barabara moja ya mjini, upande wa Kirumba, ilipokuwa ikikwanguliwa ili iwekwe lami mpya, Yakobo alisimama kwenye kikao cha ofisi akaeleza kwamba lami iliyokwanguliwa isitupwe, kwamba kokoto zake bado nzima na lami yake bado inashika, ipondwe na kutumika tena, na kwamba udongo mbaya nao unaweza kutengenezwa ukawa mzuri badala ya kuchimbwa na kubebwa. Mkubwa mmoja akamuuliza, "Nkwabi, unataka wananchi tuwape viporo?" Kikao kikaangua kicheko, na Yakobo akasubiri kicheko kiishe, akauliza ni nani kati yao ambaye asubuhi ile hakunywa chai kwa kiporo, na hakuna aliyenyoosha mkono, lakini jina la Mzee Kiporo lilibaki naye hadi anastaafu. Aliandika barua ya kuomba lile rundo la lami iliyokwanguliwa, akajibiwa kwa maandishi kwamba achukue takataka hizo, na barua hiyo ipo, kwa yeyote mwenye shaka.

Familia haitaficha kwamba jaribio la kwanza kwenye njia hii ya nyumbani, la Agosti 2012, lilishindwa. Alichanganya mbuga na saruji, mita hamsini, na masika yaliyofuata zikapasuka vipande vipande, Ndalahwa akapita kila asubuhi akiuliza kama anaruhusiwa kupanda matembele kwenye nyufa. Yakobo alirudi kwenye tanuri la keki. Mwaka 2013 akapata jibu, chokaa, kilo tano kwa kila kilo mia za udongo mkavu, ichanganywe, imwagiwe maji, ifunikwe ilale hadi kesho yake ndipo ishindiliwe, na juu yake lami ya zamani iliyopondwa, ishindiliwe jua likiwa kali ili ishikane, kisha kipande chote kiwekwe unyevu siku saba bila kukanyagwa na kiumbe chochote.

Katika siku saba hizo hakuwa na ndugu. Tarehe 16 Agosti 2014, wakwe kutoka Kagera walipokuja kumchukua Odeta, walikuta gogo limelazwa barabarani na baba wa bibi harusi amesimama nyuma yake ndani ya suti, akiwaeleza kwamba leo ni siku ya nne, na wageni wale, watu wenye viatu vizuri, wakapita kwenye mihogo wameshika viatu mkononi. Mzee Byabato, baba wa bwana harusi, aliuliza kwa upole kama wameitwa kuchukua mke au kukagua barabara, na marehemu akamjibu kwamba akitaka kukagua aje baada ya siku tatu. Alikuja. Walipatana tangu siku hiyo.

Mita ya mwisho ilikamilika tarehe 27 Oktoba 2016. Alistaafu mwaka 2018, na mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa moyo mmoja na madaktari wa hospitali jijini, ambao kila asubuhi, kabla hawajamuuliza hali, aliwauliza kama Kamanga kumenyesha. Mwezi uliopita Ndalahwa alimtembelea wodini akamwambia, "Shemeji, ng'ombe wako tayari, wanne kama kawaida." Yakobo akamjibu, "Waache wale majani yao." Hayo yalikuwa maongezi yao ya mwisho. Alifariki tarehe 9 Aprili 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, baada ya kumwagiza Bernadeta kwamba dereva asikimbie, na kwamba gari likinasa lisisukumwe na mtu, aitwe Ndalahwa, kwa kuwa atakuwa ameshinda kihalali.

Aya hii imeongezwa leo, tarehe 12 Aprili, saa nne na nusu asubuhi. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Mzee Ndalahwa alikuwa mwanzo wa njia na ng'ombe wanne tangu saa kumi na mbili, kama alivyoahidi. Gari liliingia saa nne na dakika kumi, likapita mita zote mia nne kwa dakika mbili, bila kusukumwa. Mzee Ndalahwa alivua kofia, akalifuata kwa miguu, akipiga kisigino kila hatua kutafuta palipo laini, na alipofika hapa alimwambia dada yake, "Nimekanyaga yote, sikuzama hata mara moja."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Pasiansi na wa hapa Mwalubungo, na kwa namna ya pekee wenzake wa ofisini, ambao gari lao, kwa kutoiamini barabara ya kiporo baada ya mvua, lilipita pembeni kwenye majani na kuzama hadi milangoni, na ambao ndio hao waliofika sasa hivi wakiwa na matope, wakivutwa na ng'ombe wa Mzee Ndalahwa. Wapewe maji ya kunawa. Wakati wa kuondoka tunawaomba wapite katikati.

Mzee Ndalahwa ameomba iandikwe kwamba ng'ombe hao ni wa uzao wa wale kumi na wawili, na kwamba walipokosa kazi ya kumvuta marehemu, amewaleta wamuage. Imeandikwa kwenye daftari la kumi na moja, chini ya tarehe na mvua, na ile ahadi ya kumvuta, kwenye daftari la mwaka 1998, imekatwa kwa mstari mmoja.

Yakobo Nkwabi Masalu, umefika nyumbani kwa magurudumu. Pumzika sasa kwa amani.