Zamu ya Lenox Musyoka

Wazazi, majirani wa Mwakirunge, mahamali wa Kongowea, na nyote mlioketi juani kwa kuwa mahema ni mawili na sisi ni wengi, familia imenituma mimi Mercyline, dadake marehemu, niwasomee safari yake, nami nitaisoma polepole, kwani tumechoka sote.

Lenox Musyoka alizaliwa tarehe 8 Machi 1979 huko Changamwe, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Bonface Musyoka, aliyetoka Mwingi kuja kufanya kazi kiwandani, na Mama Rosalia aliye hapa mbele yetu, ingawa cheti chake, kilichotolewa miaka kumi na minane baadaye, kinasema alizaliwa tarehe 3 Agosti 1980, naye hakupata kamwe nguvu ya kubishana nacho.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Changamwe kuanzia 1986 hadi 1993, akamaliza sekondari 1997, akahitimu masomo ya kompyuta 2001, na Januari 2002 akaajiriwa karani wa ghala karibu na uwanja wa ndege, kazi aliyoifanya hadi maradhi yalipomtoa. Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na Dorothy, wakajaliwa watoto wawili, Fancy mwaka 2009, na Bonface, jina la babu, mwaka 2013.

Ni kwa kumsubiri Dorothy, ambaye huuza vitunguu sokoni Kongowea, ndipo Lenox alipoona mahamali wakigombania kila lori la bara hadi kupasuana vichwa, akaandika, kwa kompyuta yake na katika saa zake, programu ya simu ya kupanga nani ashushe lori lipi, akaiita Zamu. Tarehe 3 Oktoba 2016 akaiweka mtandaoni, maandishi yake ya ndani wazi kwa kila mtu, pamoja na leseni aliyoitunga mwenyewe: chukua, tumia, badilisha, mpe mwenzio, ila usifute jina la aliyetangulia wala usimfungie ajaye nyuma.

Mzee Khamis, mkuu wa mahamali, alikuwa amemwambia, "Mwanangu, Ijumaa saa saba twenda kuswali, zamu zetu zishikwe, zisipotee," naye akaandika saba kama alivyosikia, akasahau kwamba saa saba yetu ya mchana kompyuta huihesabu kumi na tatu, basi Ijumaa ya kwanza Zamu ikasimama saa moja asubuhi, malori yamepanga foleni, na Mzee Khamis akapiga simu, "Wallahi Lenox, adhuhuri umeileta kabla ya chai!" Kosa hilo alilirekebisha jioni ile ile.

Mwaka 2019 kampuni moja, ambayo wakili wetu amenisihi nisiitaje, ilisajili programu ya foleni kuwa mali yake, imefungwa hata mnunuzi haoni ndani, kisha ikawaandikia mahamali waache kutumia Zamu, eti wanaiba kazi yake. Lenox alikwenda mahakamani bila kutaka fidia, alitaka mawili tu, mahamali wasifungiwe Zamu, na jina lake lirudi. Alipotafuta cheti cha kuthibitisha kwamba Zamu ni kazi yake, afisa wa usajili alidai nakala halisi, Lenox akamweleza kwamba za kompyuta zote ni halisi, naye akasema, "Basi zilete zote," ndiyo maana Mzee Khamis na wenzake walisukuma mkokoteni wa karatasi kutoka Kongowea hadi mjini, kurasa elfu moja na mia mbili kwa nakala tatu, zikapokewa, zikapigwa muhuri, na hazijaonekana tena.

Kesi iliahirishwa mara kumi na tisa. Kilichoigeuza ni mazungumzo ya Dorothy na mfanyabiashara wa soko jingine, aliyelalamika kwamba programu waliyouziwa na kampuni ile hulala kila Ijumaa saa moja asubuhi, saa nzima, nao huambiwa ni matengenezo, kumbe ni kosa lile la Lenox, lililonakiliwa kabla hajalirekebisha. Ijumaa tarehe 17 Machi 2023 hakimu akapelekwa huko, akaketi juu ya gunia la viazi, na saa moja kamili programu ikasimama, wakili wa kampuni akaulizwa kwa nini, akajibu hajui, kwani imefungwa.

Figo za marehemu zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na faili ya kesi mapajani, hadi Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa kumi jioni, alipotutoka. Hukumu ilikuwa Jumanne iliyofuata, na karani wa mahakama alitaka kwanza barua ya marehemu kueleza kwa nini hakufika, Dorothy akamwambia, "Nipe fomu, nitampelekea Jumamosi." Ndipo ikasomwa, kwamba Zamu ni kazi ya Lenox Musyoka, itumiwe na wote kwa masharti aliyoyaweka, na jina lake lirudishwe. Kampuni imesema itakata rufaa, nasi tumechoka, lakini tutakwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa ghalani, na mahamali, ambao leo Jumamosi wamebeba jeneza kwa kupokezana kama Zamu ilivyowapanga. Mzee Khamis ameniambia kwamba jina la Lenox limo humo tangu siku alipojiandikisha kuijaribu, asubuhi hii likafika mbele, vijana wakauliza kama walifute, naye akawakataza, akalibonyeza mwenyewe lishikwe.

Zamu yako imeshikwa, ndugu yangu, haipotei. Pumzika kwa amani.