Mti wa Watu Wadogo

Benchi letu la Lipangalala liko mbele ya meza yangu ya kahawa. Huwakosi hapo Nazari fundi baiskeli, tunayemwita Injinia, na Octavian, aliyekaa baraza la kata miezi minne tu, jina likamganda: Mahakama. Asubuhi hiyo niliwaeleza ya mjukuu wangu Careen, nesi wa wazee kijijini huko Ayalandi. Uani kwake, kando ya barabara, pana mti wa miiba. Kesho anakuja mwenye msumeno aukate, Careen apande mboga za maboga. Sasa jirani yake, Bibi Brijidi, anayemshikia mtoto akienda zamu, amenuna. Kasema mti ni wa watu wadogo, ukikatwa yeye hakanyagi tena pale. Careen ananiuliza, bibi, nifanyeje?

— Watu wadogo? Mahakama akatua kikombe. Wana hati? Kata!

— Lakini hata barabara yao imepinda kuukwepa, nikasema. Kanitumia picha.

— Imepinda? Injinia akaruka. Basi si wadogo hao! Kwetu barabara ikipinda, ujue imekutana na shamba la mkubwa.

— Ndiyo wahenga wakasema mficha uchi hazai.

— Inaingiaje hapo, Mahakama?

— Inaingia tu. Wakubwa wamejificha kwenye jina la wadogo.

— Hamnisubiri nimalize! Siyo wadogo wa cheo. Ni wafupi, wa kufika gotini. Hawaonekani. Wanakaa chini ya mizizi tangu enzi za mababu, ukiwaudhi, ng'ombe wako anakauka maziwa.

— Kumbe wapangaji! Wapewe notisi.

— Wapewe fidia, Injinia. Gunia moja la mpunga, kwa matumbo yale, mwaka mzima. Haba na haba.

— Watakoboa wapi?

— Basi upelekwe wali.

— Kwa ndege? Si utachacha!

Sada, mgeni kutoka Sanje aliyekuwa anasubiri kahawa yake, akauliza taratibu:

— Samahani, bibi. Wapo tangu enzi za mababu, lakini ni wadogo. Careen akipita pale asubuhi, nani anamwamkia nani?

Mahakama alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Injinia akainamia spoki.

Nikachukua simu.

— Careen, mama, mwambie wa msumeno asije. Hatumkatii mtu mti wakati hatujui shikamoo ni ya nani. Kamuulize Bibi Brijidi. Nenda sasa hivi, kabla hajafungulia kuku.