Dengu Zilipopiga Kura

Benchi lililo mbele ya duka langu halina mwenyewe, ila lina wenyeji watatu. Spase tunamwita Redio, maana hana kitufe cha kuzima. Metodija ni Profesa: alikata tiketi za basi mjini Bitola mpaka akastaafu, lakini miwani aliyonayo ni ya chuo kikuu. Risto ni Mjerumani, aliyerudi kutoka Ujerumani na pensheni pamoja na tabia ya kumsahihisha kila mtu. Mimi ni Dafina, mpika kahawa. Asubuhi hiyo ya Septemba, hoho zimeiva bonde zima, tulikuwa tunamsubiri mama mmoja kutoka Skopje, mji mkuu. Anakuja kupima kama shirika la Udongo Hai, linalotufundisha kulima bila kuichosha ardhi, linatufaa au linatupotezea muda. Akiona halitufai, mtaalamu wao Biljana atafungasha virago. Kila nyumba ilishapiga kura kwa maharage, kuanzia moja hadi tano, ndani ya chupa kubwa aliyokabidhiwa Mjerumani.

— Mimi nawaambia, alianza Redio, wale wanachotaka ni nyungunyungu. Hamjaona Biljana anavyowahesabu? Padri mwenyewe hahesabu waumini hivyo!

— Wa kazi gani? nikauliza.

— Wanasagwa, wanakuwa krimu ya uso. Kina mama wa mjini wanajipaka. Ndiyo maana wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani nyungunyungu.

— Acha fiksi, alisema Profesa. Kinachouzwa ni hewa. Kwa nini wametukataza kuchoma mabua? Hewa ibaki safi! Usiku wanaijaza kwenye mitungi, inapanda lori, inakwenda Uswisi.

— Mitungi umeiona? aliuliza Redio.

— Hewa yenyewe haionekani, we bwana, mitungi yake ndiyo ionekane?

Mjerumani alikohoa. Akikohoa hivyo, ujue Ujerumani inakuja.

— Nyote hamjui kitu. Kule Ujerumani, mwanamke msomi akikaa kijijini miaka mitatu, anatafuta mume.

— Biljana ana mume!

— Basi si unaona alivyoficha vizuri?

Nikawajazia vikombe, nikawauliza:

— Haya, wezi wa nyungunyungu hao mmewapa maharage mangapi?

Wote watatu wakaangalia chini. Wa kwanza kusema alikuwa Profesa, na sauti ilikuwa imeshuka.

— Kusema kweli, Dafina, mimi nimempa alama ya juu kabisa. Yule binti anasikiliza. Tangu nistaafu, hakuna mtu aliyenisikiliza mpaka nikafika mwisho.

— Hata mimi, alisema Redio. Jino liliponivimba, nani alinipeleka mjini na gari lake? Asiyefunzwa na mamaye hupelekwa na shirika. Nimempa ya juu kabisa. Moja.

— Moja? nikauliza.

— Moja, alisema Profesa. Kama alivyotuelekeza Mjerumani.

Nikaliweka dele la kahawa chini.

— Risto. Uliwaambia watu nini?

— Ukweli. Moja ni bora, tano umefeli. Kule Ujerumani shuleni...

— Kule Ujerumani! Hapa mtoto akileta moja nyumbani anakula mkongoto! Tano ndiyo bora, Risto! Tano!

Mjerumani akaiinua chupa, akaitikisa. Ililia kama njuga ya mtoto. Kijiji kizima kilikuwa kimempenda Biljana kwa harage moja moja. Aliyeweka tano alikuwa jirani yetu Trajko peke yake, ambaye Biljana hataki hata kumsikia.

— Tumemfukuza wenyewe, alisema Profesa, miwani mkononi.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Redio.

— Hayazoleki, lakini maharage yanaongezeka! alidakia Mjerumani. Dafina, gunia liko wapi?

Kabla sijajibu walikuwa ndani ya duka. Profesa alichota kwa kofia. Mjerumani alihesabu kwanza, akachanganyikiwa, akaanza kumwaga tu. Maharage yaliyobaki guniani yalipokwisha, Redio akaona chupa haijajaa vizuri, akavamia mbaazi, kisha dengu. Ndipo tukasikia gari la Biljana linapanda kilima.

Alishuka na mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, jina lake Vesna. Mama Vesna aliishika chupa kwa mikono miwili, maana kwa mmoja haikunyanyuka, akaizungusha juani.

— Naona hata dengu zimepiga kura.

Biljana alijifunika uso. Mjerumani akasimama wima kama yuko jeshini.

— Kosa ni langu, mama. Nilitumia alama za Ujerumani. Lakini binti huyu msimwondoe.

— Kaa, baba, akasema Mama Vesna, akijizuia kucheka. Chupa tuiache. Mimi nataka kusikia wanaolima. Ni nyinyi?

— Wake zetu, alisema Redio. Wako kwenye hoho tangu alfajiri.

— Vizuri sana. Shamba liko upande gani?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizimika. Hoho zilikuwa zimehamishwa mwaka huu ili ardhi ya zamani ipumzike. Biljana alifungua mdomo nikamkonyeza, akaufunga. Mkono wa Redio ukaelekea mtoni. Wa Profesa ukaelekea kanisani. Mjerumani alifikiri sana, akanyoosha kidole kwenye duka langu.

— Nifuate, mama, nikasema, nikavua aproni.

Tuliwakuta kina mama nyuma ya kilima, makreti yamejaa. Mke wa Redio, Ilinka, hakutaka kuombwa mara mbili.

— Wanatufaa. Tangu tuanze kuhamisha mazao, hoho hazinyauki tena zikiwa changa. Lakini mikutano yao wanaifanyia benchini asubuhi, na asubuhi sisi tuko huku. Habari zinatufikia kupitia mume wangu, na redio ile ina mikwaruzo. Mwaka jana alituambia mboji inywewe.

— Mkainywa? aliuliza Biljana, rangi imemtoka.

— Tuna akili zetu, binti.

Mama Vesna alicheka mpaka akakalia kreti. Kisha akamgeukia Biljana, hacheki tena, na Biljana akaitikia kwa kichwa. Shirika lilibaki. Mikutano ikahamia shambani, kila Alhamisi, na mimi nikaalikwa.

Niliporudi, wale watatu walikuwa bado benchini, vikombe vitupu. Niliwaeleza yote. Redio alishusha pumzi, Mjerumani akapangusa macho akisema ni vumbi.

— Kwa hiyo Alhamisi duka limefungwa, alisema Profesa taratibu.

— Limefungwa.

— Na kahawa nani atapika?