Onja Pumzi ya Mwenzako

Sogeeni, wanangu. Binti yangu, funga kwanza mlango wa karakana, maana sina nguvu ya kushindana na kile kitu kusema. Hapana, si kompresa ya kujazia mitungi hewa. Kompresa wewe mwenyewe uliichomoa waya juzi. Hicho mnachokisikia nyuma ya ukuta kikivuta na kuachia, kikivuta na kuachia, nitakifikia. Mama yenu, niinulie mto. Nikilala chali kifua kinajaa.

Nimesikia mmepewa kazi ya kupiga mbizi kwenye lango la tatu la bwawa, kesho kutwa asubuhi. Nimesikia pia, kwa kuwa masikio hayajatangulia kufa, kwamba hii ni wiki ya pili hamsemeshani, kisa ile regulata mpya nyeusi ya kupumulia majini, kila mmoja anadai ni yake. Na jana, kwa dirisha hili hili, nimewaona mkijaribu vifaa kwenye tangi la uani: wewe binti yangu unaonja regulata yako, na wewe mwana wa mdogo wangu, niliyekulea tangu una miaka mitatu, unaonja yako, mmepeana migongo kama watu wa nyumba mbili. Nikasema, kumbe siwezi kufa bado.

Sikilizeni, basi. Hewa ya mtungini imeshindiliwa kwa nguvu ya kupasua kifua cha ng'ombe, na regulata ndiyo inayoipoza mpaka iwe pumzi ya binadamu. Kwa hiyo ukiichagua unachagua nani akupumulie. Usitazame mng'aro. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiulize inavutaje juu ya meza ya muuzaji, uliza inavutaje mtu akiwa chini, amechoka, anakaza boliti, na mtungi unaelekea kuisha. Maji yetu ni baridi na yana tope, chukua ile iliyozibwa tope lisiingie tumboni mwake. Ing'ate dakika kumi muuzaji akikutolea macho, mwache akutolee. Ikikuchosha taya dukani, chini utaitema. Na usinunue ambayo fundi wake yuko ng'ambo. Hiyo nyeusi mnayoigombania, mkitaka kujua, ni ya kupigia picha. Mnataka kuuana kwa ajili ya pambo!

Lakini hata iliyo bora kuliko zote haijikagui yenyewe. Ndiyo maana baba yetu alituwekea mwiko, na nyinyi nimewawekea: ukingoni mwa maji, unaichovya regulata ya mwenzako, unavuta mara mbili. Pumzi iwe nyepesi na kavu. Ikija nzito, ikija na manyunyu, kiwambo chake, ule utando wa ndani unaozuia maji, kimechanika, na hakuna kushuka siku hiyo. Yako hujionjei kamwe, kwa sababu mwenye haraka ya kazi hujidanganya. Na mwenzako akishasema "iko sawa", hurudii kuonja. Kurudia ni kumwita mwongo.

Sasa nakuja pale ambapo miaka ishirini na miwili nimekuwa nikipapita kando. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu hicho kinabisha.

Mwanangu, baba yako tulimwita Mapafu, kwa kile kicheko chake kilichoanza sebuleni kikaishia barabarani. Baba yetu alipofariki aliacha regulata mbili, moja nzuri na moja kuukuu, asitamke ipi ya nani. Mapafu akawahi nzuri. Kwa kicheko hicho hicho akaniambia, "Kaka, mkubwa ndiye mvumilivu." Mimi nilicheka naye, lakini nikaliweka moyoni, nikalilea miaka minne kama mtoto.

Asubuhi ile, lango la tatu, hilo hilo mnaloliendea, nilichovya regulata yake nikavuta. Maji yakanirukia kooni. Nikavuta mara ya pili, manyunyu tena, na pumzi nzito kama inapita kwenye blanketi. Nikajisemea: kumbe hii ndiyo nzuri uliyoiwahi! Nikamtazama, akanitazama.

Nikamwambia, "Iko sawa."

Kaa, mwanangu. Binti yangu, mshike mkono. Ukitaka kunipiga utanipiga, lakini nimalize. Sikutaka afe, naapa mbele ya mama yenu. Nilitaka ashuke mita mbili, abanwe na kikohozi, apande mbele ya vibarua wote na aibu yake, nami nicheke siku moja. Sikujua kamba ya kazi ingemzonga mguu asiweze kupanda. Watu niliwaambia ni maji yalikuwa mabaya, na wewe nikakukuza kwa uongo huo, nikikununulia viatu na nikiogopa macho yako. Tulipomtoa alikuwa bado ameing'ata. Aliliamini neno langu kuliko koo lake mwenyewe.

Niliiosha, nikaitundika ukutani karakana. Haijaunganishwa na mtungi tangu siku ile, haijagusa maji. Lakini kila mwaka nikiifungua nakuta ndani kijiko cha maji, na nikiyaonja ni tope la bwawa. Na inapumua. Mnakumbuka sheria ya mtu akiishiwa hewa chini? Mnagawana regulata moja, pumzi mbili zangu, mbili zako. Basi hesabuni. Mimi mbili… yeye mbili. Daktari anasema mapafu yamechoka. Hayajachoka, nimekuwa nikigawana.

Leteni vifaa vyenu, na hilo beseni la kunawia. Hapa hapa, kitandani. Kila mtu ashike ya mwenzake. Anza wewe, binti yangu, chovya, vuta. Tena. Usinitazame mimi, mtazame yeye. Sema!

"Ina maji, baba."

Rudia, mwambie yeye.

"Kaka, yako ina maji. Usishuke nayo."

Ah. Alhamdu… Mmesikia? Ukutani kumenyamaza. Mama yenu, umesikia, au ni mimi tu? Kumenyamaza.

Haya, haraka sasa. Karakana na kompresa ni vyenu wote wawili, msigawe. Hiyo nyeusi uzeni, tafuteni mbili zinazofanana, za kazi, ili pasiwe na ya kuwahiwa. Kesho kutwa msiende. Mwambieni meneja lango litangoja. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, hivyo wasemavyo… lakini si kila ugomvi unangoja kapu. Mkikasirikiana, pigeni kelele. Vunjeni vyombo. Ila ukingoni mwa maji semeni kweli.

Mungu awape pumzi ndefu, na ulimi usioona haya kusema "si sawa". Awape… watoto wanaocheka mpaka barabarani.

Mwanangu, nenda kaniletee ile ya baba yako. Usiogope. Imelowa? Najua.

Mtu hashuki bila mwenzake kumwonjea, nami sasa nashuka, na mwenzangu… wewe ndiye uliyebaki mahali pake. Ichovye. Vuta mara mbili.

Una haki ya kusema lolote. Sitaonja tena baada yako.

Mbona unalia? Sema tu.

"Iko sawa, baba mkubwa."

Haya… nipe. Nakuamini.