Usiguse Sinki la Rowena

Benchi lenyewe liko mbele ya duka la Norma la mashine za kufulia, katika mji mmoja wa Lancashire, Uingereza, ambao viwanda vyake vyote vimefunga, mvua tu ndiyo haijafunga. Wakaaji wake ni walewale. Clifford, dereva wa basi mstaafu, wanamwita Diwani kwa sababu aliwahi kugombea udiwani akapata kura za nyumbani kwake, na hata hizo si zote. Norma, wanayemwita Mama Povu, ndiye mwenye chupa ya chai ya maziwa. Na mwisho wa benchi hukaa Rowena, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye usonji, hedifoni shingoni, hataki kuguswa bega. Hao wawili wanampenda kwa kelele, naye kelele hazipendi. Asubuhi hiyo mtu wa tathmini alikuwa anakuja kwa Rowena, mlango wa tatu kutoka dukani, kuona kama apewe posho ya ulemavu au anyimwe tena. Norma alikuwa ameshatoka na ndoo na dekio.

— Nipe ufunguo, — alisema Norma. — Nusu saa tu. Naosha vyombo, nadeki, natoka.

— Hapana.

— Mgeni anakuja, Rowena! Mtu wa serikali! Utamkaribisha kwenye lundo la sahani sinkini?

— Ndiyo.

Diwani akacheka mpaka chai ikammwagikia suruali.

Rowena hakucheka. Safari iliyopita dada yake alikuja kutoka Preston, akaisugua nyumba kama mtu anayeficha mauaji. Mtu wa tathmini akaingia, akakuta sinki linang'aa, akaandika kwamba Rowena anajimudu vizuri. Dada mtu hakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyo watu wa mji ule: hata fundi akiitwa kuzibua choo, choo huoshwa kwanza asije akawasema.

— Halafu kufagia hawaulizi kabisa, — alisema Diwani. — Mimi nimefuatilia. Wanauliza kupika, kuoga, kuvaa, kuongea na watu. Vumbi lako haliwahusu.

— Si ndiyo nasema! — Norma alidaka. — Kama haliwahusu, tulitoe!

— Nikitaka kukaanga yai nahitaji kikaango, — Rowena alisema, macho kwenye lami. — Kikaango kiko chini ya sahani. Sahani zina chakula kilicholowa. Nikikigusa, mwili wote unakataa, kama wewe ukishikishwa panya aliyeoza. Nasimama pale. Giza linaingia, bado nimesimama. Mwisho nakula mkate mkavu. Sasa hayo ni mapishi au si mapishi?

— Usimwambie hivyo, binti yangu, — alisema Diwani. — Atakuona mvivu.

— Mvivu anastarehe, Clifford. Wewe umeniona nikistarehe?

Diwani akakimbilia kwenye mambo anayoyaweza.

— Sikilizeni, hawa watu wamefundishwa. Akifika tu anatazama kucha. Kucha safi, huna posho.

— Kucha wapi! — alisema Norma. — Wananusa. Yule aliyemjia mpangaji wangu alinusa pazia moja moja.

— Pazia ni danganya toto. Kazi yote inafanywa na wazoa taka. Mnadhani kwa nini wanakuja asubuhi hivyo? Kopo lako la maharage likiingia kwenye lori, London wanajua kama lilitupwa limeoshwa au halikuoshwa.

— Acha uongo, mzee mzima!

— Uongo? Na paka je? Nani aliwaletea paka mtaa huu mzima kwa mwezi mmoja? Paka anaingia jikoni kwa mtu bila hodi, anatazama, anatoka.

— Kwa hiyo paka wangu mimi ni jasusi?

— Yule wa rangi ya chungwa? Yule ni bosi wao.

Rowena akavaa hedifoni, akazivua. Alikuwa amewasikia wakimtetea, wakimpigania, wakimfundisha, na hakuna aliyemjibu swali la mapishi.

Mlango wa duka ukafunguka. Akatoka Emrys, mtu wa Wales aliyehamia mtaani wiki hiyo, amekumbatia furushi la mashuka. Alikuwa amewasikia muda wote mashine yake ikizunguka.

— Samahani, jamani. Hilo sinki mnalogombania, nani kati yenu amewahi kuliona?

Norma akaangalia kikombe chake. Diwani akaanza kufuta chai kwenye suruali. Miaka yote ya benchi, hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti cha Rowena.

— Hawajaliona, — alisema Rowena. — Nimewazuia mimi. Nilikuwa nakuja hapa na koti safi ili wasijue.

Aibu ilimpanda shingoni, ileile ya dada yake. Akaikatalia. Amekaa nayo miaka mingi, na haijamwoshea hata kijiko.

Gari dogo la kijivu likaegeshwa mbele ya mlango wa tatu. Mwanamke mwenye mkoba akashuka, akaanza kutafuta namba za nyumba.

— Niende na wewe? — Norma aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo. — Wanaruhusu mtu wa kukusindikiza.

— Njoo. Mikono mitupu. Ukigusa hata sahani moja nakutoa nje mbele yake.

— Na mimi? — akauliza Diwani.

— Wewe kaa na paka.

Rowena akatembea mbele, Norma nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi. Akafungua mlango, akausukuma mpaka ukagonga ukuta, na harufu ya jikoni ikawafuata wote watatu pale nje. Norma akavuta pumzi. Mikono akaificha mifukoni.

Mwanamke wa tathmini akatabasamu, akanyoosha mkono. Rowena hakuupokea.

— Habari za asubuhi, Rowena?

Neno “nzuri” lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, kama linavyofika kwa kila mtu wa mji ule, hata anayezikwa. Rowena akalimeza.

— Mbaya, — alisema. — Ingia.