Mwalimu Nhạn na Shairi Lililobaki Hoja Tatu

Waombolezaji wenzetu, majirani wa kijiji, walimu na wanafunzi wa zamani wa marehemu, kabla vijana hawajaliinua jeneza kulipeleka kwenye vilima vya mchanga, familia imemteua Khuê, mtoto wa kaka wa marehemu, awasomee historia hii, na ieleweke kwamba hii ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa tangu ahitimu digrii yake ya fasihi, daraja la juu, miaka minne iliyopita, kwa hiyo akikosea mtamvumilia, na asipokosea pia msimsifu, maana sifa anazo kabatini na hazijawahi kumlisha.

Marehemu Mwalimu Đoàn Thị Nhạn alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 katika kijiji hiki hiki, upande wa bara wa maji ya Tam Giang, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akisuka mikeka na mama yake akiuza uduvi uliochachushwa, biashara ambayo harufu yake, kama marehemu alivyopenda kusema, ilimfundisha mapema kwamba kitu kidogo ndani ya chupa kinaweza kubeba bahari nzima.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1957 hadi 1962, akaendelea na sekondari ya wasichana mjini Huế, masomo yakakatika mwaka 1968, mwaka ambao mji mzima ulikuwa ukizika watu, akayarudia, na mwaka 1970 akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Juni 1974 katika fasihi, na huko ndiko kilikojulikana kipaji chake, kwani alikuwa na uwezo wa kuchukua makala ndefu ya hoja kuhusu ushairi wa kisasa, moja ya zile ambazo mwandishi anazunguka kurasa na kurasa akiwagombeza waandishi wengine, akaikamua mpaka ikaenea kiganjani, na mwenye makala akiisoma anasema, ndicho hasa nilichotaka kusema, mbona sikukisema? Wenzake walimtania kwamba akipewa mto Hương ataurudisha ndani ya kikombe, naye akawajibu, "Mkiuhitaji mtaongeza maji wenyewe."

Alianza kufundisha Oktoba 1975 katika sekondari ya Sịa, na tarehe 20 Februari 1977 alifunga ndoa na Bwana Cao Hữu Sâm, fundi wa idara ya maji aliyekuwa akitunza malango ya mifereji, mtu wa maneno machache kiasi kwamba bibi yetu, baada ya posa, aliuliza, "Huyu kijana meno anayo kweli, au ndiyo anayaficha?" Walijaliwa mtoto mmoja, Miên, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1979, ambaye leo yupo mbele yenu na kitambaa cheupe kichwani, akiwa amefika jana kwa basi kutoka Bình Dương, anakoshona viatu asivyovivaa.

Hapa msomaji anaomba atulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo lilipo jambo la maisha ya marehemu. Katika mafuriko ya mwaka 1983 Bwana Sâm aliitwa langoni, akaenda, akamwacha mkewe darini na mtoto wa miaka minne na kuku mmoja, na maji yalipoanza kushuka akarudi, akasimama mlangoni na suruali imelowa mpaka kiunoni, na marehemu, akiwa bado amempakata kuku, akamwambia kutoka juu, "Umekwenda kuliokoa lango la serikali, mkeo umemwachia kuku amlinde?" Bwana Sâm hakujibu, si siku ile wala kesho yake, alifagia tope, akaanika mchele, na baada ya Tet, sikukuu yetu ya mwaka mpya, akampa mkewe shairi alilolitunga mwenyewe, la kwanza na la mwisho katika maisha yake, liitwalo "Kungoja Maji Yashuke", na ndani yake mlikuwa na mwanamke, kuku, na mwanamume aliyesimama mlangoni asiyejua msamaha unaombwaje. Ilikuwa njia yake ya kusema samahani. Jarida la mkoa likalichapisha mwaka 1984, na tarehe 16 Oktoba 1985 kimbunga kikamkuta Bwana Sâm kwenye lango lile lile, hakurudi.

Tangu hapo, kila mwaka siku ya giỗ yake, yaani siku ya kukumbuka kifo chake, tarehe tatu ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya mwezi, marehemu alipika wali, samaki wa kukaanga na mchuzi wa mchicha, akawasha ubani, na badala ya kuomba dua ndefu kama majirani akalisema shairi lile mbele ya picha, kwa kichwa, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Haya, kuleni."

Mwaka 1988, wakati waandishi wa nchi nzima walipokuwa wamepata ruhusa ya kugombana, wasomi wa mkoa wakaligundua shairi la fundi wa maji na kulirukia kama mbwa waliotupiwa mfupa, kambi moja ikaandika kwamba ni shairi la huzuni ya mtu mmoja, umma uko wapi, juhudi za pamoja ziko wapi, kambi nyingine ikajibu kwamba kuku yule ni taifa linaloatamia matumaini, na msicheke, jambo hili lilichapishwa, likalipwa. Ofisi ya elimu, ikiwa inachagua kazi za kufundishwa kama fasihi ya nyumbani, ikamwomba Mwalimu Nhạn, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye mkono ule, afupishe mabishano yote ili kamati iamue, na marehemu alijua vizuri sana kwamba akiandika ukweli, kwamba ni mume anamwomba mkewe radhi, shairi litatupwa nje kabla chai haijapoa. Akaandika hoja tatu. Kwanza, mapenzi ya mshairi kwa ardhi aliyozaliwa. Pili, imani katika nguvu ya watu wanaofanya kazi kwa umoja. Tatu, lugha nyepesi yenye taswira za kuvuta hisia. Jioni ile alipita nyumbani kwa kaka yake, baba yake Khuê, akaketi bila kuvua kofia.

"Kaka, nimemtoa kuku."

"Kuku gani tena? Umeuza?"

"Nimemtoa. Lakini Sâm ameingia kitabuni."

"Sasa unalia nini, si ameingia?"

Ameingia, ndiyo, mwaka 1991 shairi likachapishwa katika kitabu cha wanafunzi, na watoto wa wilaya nzima wakaanza kumsoma Bwana Sâm, au tuseme kuzisoma hoja tatu, kwa sababu mtahini alitoa alama kwa hoja na wala hakuna aliyetoa alama kwa shairi. Mwaka 1994 msichana mmoja aliandika katika mtihani, mimi naona huyu mwanamume anamwogopa mke wake na anampenda, na mwongozo wa kusahihisha, ambao marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa chanzo chake, haukuwa na mahali pa kuweka jibu kama hilo, na marehemu akampa sifuri, kwa wino mwekundu, akarudi nyumbani akamwambia Miên, "Leo nimemfelisha mtu pekee aliyemsoma baba yako."

Novemba 1999 maji yakaja tena, mnayakumbuka, yakachukua nyumba, jarida la mwaka 1984, nakala zote alizokuwa nazo, hata picha ya harusi, na marehemu hakuhangaika, akasema shairi liko kichwani na kichwa hakijalowa. Alistaafu mwaka 2006, mwaka ule ule kitabu kikapangwa upya na shairi likaondolewa kubana kurasa, lakini mtihani wa wilaya uliendelea kuuliza kuhusu fasihi ya nyumbani, na maduka ya fotokopi mbele ya shule yakaendelea kutoa madesa yenye zile hoja tatu, bila shairi, desa la desa, mpaka herufi zikafifia na wanafunzi wakazikolezea kwa kalamu. Khuê naye alizikariri hapo, akapata alama za juu, akaenda chuo kikuu, akaandika tasnifu nzima kuhusu makala za hoja juu ya ushairi wa kisasa wa mkoa huu, akizifupisha moja baada ya nyingine, na "Kungoja Maji Yashuke" ikiwa na sura yake, akaitetea, akapigiwa makofi, na katika jopo lote la maprofesa hapakuwa na mmoja aliyemwuliza, kijana, shairi lenyewe umewahi kuliona? Hakuwa ameliona. Siku za giỗ za Shangazi yeye alikuwa jikoni na vijana wenziwe, akingoja samaki.

Ugonjwa wa marehemu ulianza tarehe 9 Machi 2022 kwa kiharusi kidogo, akapona, akatembea, akagombana na wauza mboga kama kawaida, na familia ikashukuru. Ilipofika giỗ ya mwaka ule alipika, akawasha ubani, akasimama mbele ya picha, akafungua kinywa, na kilichotoka ni haya, kwanza, mapenzi ya mshairi kwa ardhi aliyozaliwa. Akaanza tena. Kwanza, mapenzi ya mshairi. Miên akamshika mkono, akamwambia, "Mama, pumzika, utalikumbuka kesho," naye akasema kwa sauti ambayo waliokuwepo hawataisahau, "Nikilitafuta, zinakuja zenyewe. Zimekaa njiani." Wali ulipoa mezani, hakuna aliyeambiwa ale.

Kuanzia hapo alitaka jambo moja tu, alisikie shairi la mumewe kabla hajafa, na Khuê, ambaye alikuwa na muda, tena muda mwingi kuliko mtu yeyote wilayani, akatumwa kulitafuta, maana Miên, aliyelisikia utotoni, alikumbuka sauti ya mama yake tu, maneno hakuyashika. Alikwenda maktaba, akaambiwa maboksi ya miaka ile yaligeuka tope mwaka 1999 na kuzolewa kwa koleo. Alikitafuta kitabu cha wanafunzi cha zamani, akaambiwa nakala zote ziliuzwa kwa kilo, za kufungia karanga, kitabu kilipopangwa upya. Alikwenda kwa wasomi waliobaki wa zile kambi mbili, mmoja, mzee mnene mwenye tuzo ukutani, akamweleza kwa saa nzima kwa nini kambi ya pili ilikosea, na alipoombwa walau ubeti mmoja akasema, "Ubeti? Kijana, sisi tulikuwa tunajadili mambo mazito." Akaweka tangazo Facebook, wanafunzi wa zamani wakajibu kwa wingi, wengine kutoka Saigon, wengine kutoka Ulaya, na kila mmoja, kwa mapenzi na moyo wa kusaidia, aliandika hoja tatu, mmoja akaziremba kwa maua.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huu, 2023, kiharusi cha pili kilimwangusha jikoni, akapelekwa hospitali mjini Huế, na huko daktari wa zamu, alipoliona jina, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu! Mimi ni Thuận, wa darasa la mwaka tisini na saba!"

Miên akamwuliza kama analikumbuka shairi la Bwana Sâm.

"Nitalisahauje? Kwanza, mapenzi ya mshairi kwa ardhi aliyozaliwa..."

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu akadakia ya pili, mama mmoja aliyekuja kumwuguza mumewe kitanda cha jirani akamalizia ya tatu huku akicheka, "Hiyo ya lugha nyepesi ndiyo ilinipa sekondari!", na wodi nzima ikachangamka, wakidhani wamemletea mwalimu wao zawadi. Marehemu aliwatazama mmoja mmoja. "Vizuri," akasema. "Kaeni chini."

Tarehe 8 Oktoba, daktari akiwa ameshaiambia familia ijiandae, Khuê alifanya jambo ambalo Miên amemruhusu kulisema hapa. Aliketi ngazini na kulitunga shairi, akachukua vipande vya mistari ambavyo makala za zamani zilikuwa zimevinukuu, akaviunga, akamrudisha kuku, akaliweka dari, akaweka suruali iliyolowa, akaweka kila alichofundishwa kuhusu taswira, akaingia wodini akasema shairi limepatikana, kwa mzee mmoja wa idara ya maji, akamsomea. Shangazi alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka mwisho. Kisha, kwa sauti ile ile aliyokuwa akirudishia madaftari ya wanafunzi waliopata alama zote, akasema, "Hoja zote tatu zimo," akageukia ukutani, na hakusema neno jingine mpaka alipofariki tarehe 10 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, akimwacha mtoto mmoja na wajukuu wawili.

Familia inamshukuru Daktari Thuận na wauguzi wote, ambao walifanya kila kilichowezekana kwa mwili wa mwalimu wao, inawashukuru majirani kwa turubai, viti, na sufuria za uji ambazo zimekuwa zikifika bila kuagizwa, inawashukuru walimu wenzake wa Sịa waliokesha kando ya jeneza, na inawaomba wale watakaopewa nafasi ya kusema baada ya hapa, kama wamejiandaa kueleza maisha yake kwa hoja, karatasi hizo wabaki nazo mfukoni.

Jumanne ijayo ni giỗ ya Bwana Sâm. Miên atapika, tutawasha ubani mbele ya picha mbili, tutasimama, na tutanyamaza, kwa kuwa hatuna la kusema. Shangazi, tumeshindwa. Lala.